Meno Thelathini na Mawili ya Sikudhani

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya pili baada ya Sikukuu ya Tabasamu, shavu la kulia la Sikudhani lilikuwa limelizidi la kushoto kwa unene wa vidole viwili. Kipimo hiki hakikukadiriwa. Alikichukua mwenyewe mbele ya kioo, kwa vidole vyake, mara mbili. Kisha akajifunga kanga kuanzia kidevuni hadi utosini, akajitwika mzigo wake wa miwa, akaenda kazini.

Kazini kwake ni chini ya bango. Nchi hiyo ina mabango mengi. Jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa ikisubiri kibali cha kufunguliwa. Bango hili, lililo mkabala na geti la Wizara ya Tabasamu, ndilo kubwa kuliko yote. Linaonyesha uso wa mwanamke anayecheka, mrefu kama nyumba ya ghorofa mbili, meno yote nje, meupe, yamepangika kama vigae. Chini yake pameandikwa: JINO LA MWANANCHI. TUMETIBU, TUNATIBU, TUTATIBU.

Mwanamke wa bangoni ni Sikudhani.

"Mama Miwa," tarishi mmoja wa Wizara alimwita asubuhi hiyo, akitafuna kipande chake cha kwanza, "huyo dada yako wa juu mbona hajavimba?"

"Huyo hali miwa," Sikudhani alijibu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Basi mwambie ashuke auze, wewe upande ukapumzike."

Wateja walicheka. Sikudhani naye alicheka, kwa kadiri gego lilivyomruhusu. Lilikuwa gego la chini, upande wa kulia, la pili kutoka mwisho, na lilikuwa limemnyima usingizi kwa siku tano. Hata hivyo hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na ahadi.

Ahadi yenyewe ilitolewa miezi tisa kabla. Wakati huo Serikali ilikuwa imegundua, kwa utafiti, kwamba wananchi hawatabasamu. Tume iliundwa. Ilipata sababu mbili zinazowezekana: ama wananchi hawana cha kuwafanya watabasamu, ama hawana meno ya kutabasamia. Sababu ya kwanza ilijadiliwa kwa nusu saa na ikaonekana iko nje ya hadidu za rejea. Ya pili ikaundiwa Wizara. Wizara ikaanzisha Mpango wa Jino la Mwananchi, ambao kwa mujibu wake kila mwenye kipato kidogo atatibiwa meno bure, kuanzia la kwanza hadi la mwisho.

Kila kata ikapata Mratibu wa Tabasamu. Wa kata ya Sikudhani alikuwa Kidawa, shoga yake.

Neno shoga hapa lichukuliwe kwa uzito wake wote. Walizaliwa nyumba mbili zinazotazamana. Meno yao ya utoto waliyarusha juu ya bati moja, la nyumba ya bibi yake Kidawa, wakisimama bega kwa bega karibu na mtungi wa maji na kumwomba mjusi wa darini achukue bovu alete jema. Kila mmoja alishuhudia meno yote ya mwenzake yakirushwa. Tangu siku hizo walikuwa na kiapo chao: kwa bati la bibi. Katika miaka thelathini na tano hakuna aliyewahi kuapa kwa bati la bibi akadanganya.

Kidawa alikuwa na pengo. Jino lake la mbele, juu, upande wa kushoto, lilivunjika siku ya harusi ya Sikudhani, alipojitolea kufungua chupa za soda kwa meno baada ya kifungulio kupotea. Alifungua kumi na saba. Ya kumi na nane ilimshinda. Kuanzia siku hiyo, kwa miaka ishirini na miwili, Kidawa hakucheka bila kwanza kuvuta ncha ya kanga na kufunika mdomo. Ilikuwa kawaida yake kiasi kwamba hata gizani alifunika.

"Shoga," alisema alipokuja na habari za Wizara, kanga mdomoni, "wanatafuta meno ya kupiga picha."

"Wachukue ya kwako."

"Ya kwangu? Wizara inatafuta ukuta, mimi nina dirisha."

Wakacheka mpaka wakashikana.

"Na mimi nitapata nini?" aliuliza Sikudhani.

"Soda na biskuti. Tena jina lako litaandikwa la kwanza kwenye daftari la nchi nzima. Siku ukiumwa hupangi foleni na hulipi hata senti. Kwa bati la bibi."

Siku ya picha walikuja wapiga picha wanne, madereva saba, na mtu mmoja wa kushika mwavuli. Baada ya picha ikaletwa soda, na pamoja na soda ikaletwa fomu. Ieleweke kwamba katika nchi hiyo hakuna soda ya serikali isiyo na fomu, na hakuna raia anayeisoma. Mtu akianza kusoma fomu ya soda, walio nyuma yake humwona ama ana kesi ama anataka chupa ya pili. Raia huonyeshwa mahali, akasaini, akapokea, akapisha.

"Weka hapa," Kidawa alielekeza kwa kidole, "na hapa, na hapa."

"Hapa ni pa nini?"

"Soda."

"Na hapa?"

"Biskuti."

"Na hapa pa tatu?"

"Shoga, soda inapata moto."

Sikudhani alisaini mara tatu.

Kwa hiyo Jumanne hiyo, akiwa na vidole viwili vya uvimbe, Sikudhani alijua pa kwenda. Kwa ajili ya ukamilifu wa taarifa ni lazima isemwe kwamba Jumatatu alikwishapita kwanza kwenye kliniki ya binafsi, kwa kuwa ilikuwa njiani. Hapo ukutani palikuwa na ubao wa bei: kukalia kiti, bei yake, kufungua kinywa, bei yake, kuulizwa panapouma, bei yake, kung'oa, waulize mapokezi.

"Nikija kinywa kikiwa wazi tayari," Sikudhani aliuliza, "hiyo ya kufungua mnaitoa?"

Dada wa mapokezi aliingia ndani kuuliza, akarudi.

"Hapana, mama. Hapo kuna faini ya kufungua bila usimamizi."

Sikudhani alipiga hesabu akaona angetakiwa kuuza miwa hadi mvua za mwaka unaofuata, bila kula. Akashukuru, akatoka.

Kituo cha Tabasamu kilifunguliwa saa tatu. Kilikuwa na madirisha mawili na benchi lililong'arishwa kwa kukaliwa na watu. Dirisha la kwanza lilikuwa la kuthibitisha umaskini, kwa sababu Serikali ilihofia matajiri wangevamia huduma za bure wakiwa wamevaa ndala.

"Barua ya tajiri," alisema karani.

"Tajiri gani?"

"Yeyote. Athibitishe kwa maandishi kwamba hakufahamu. Maskini halisi hafahamiki na tajiri."

Sikudhani alikwenda kwa mwenye duka la vigae, aliyekuwa akinunua miwa kwake kila Ijumaa kwa miaka tisa. Tajiri yule hakuwa mtu mbaya. Aliandika papo hapo: "Mimi niliyetajwa hapo juu simfahamu mama huyu wala sijawahi kumwona. Namtakia Sikudhani afya njema, awasalimie watoto." Karani aliisoma barua mara mbili, akaipiga mhuri.

Dirisha la pili halikuwa dirisha bali mlango, na nyuma yake alikaa Daktari Lutengano, daktari pekee wa meno wa Mpango huo katika mji mzima. Alikuwa ameegemeza taya kwenye kiganja. Chumbani mlikuwa na meza, kabati la mafaili, na alama nne za mviringo sakafuni, mahali palipokuwa na kiti cha meno.

"Kiti kiko wapi?" Sikudhani aliuliza.

"Kwa Katibu Mkuu. Ananyolewa. Fungua."

Sikudhani alifungua kinywa.

"Si kinywa, mama. Faili."

Alifungua faili, akampa. Daktari alilisoma polepole, bila kuutoa mkono tayani.

"Sikudhani. Namba moja. Umetibiwa. Meno thelathini na mawili, yote."

"Hili linauma."

"Hilo limezibwa mwezi wa tatu."

"Kaliziba nani?"

"Mimi. Saini yangu hii hapa. Na yako hii, umepokea."

"Daktari, mimi na wewe ndiyo kwanza tunaonana."

"Hilo silikatai, mama."

Alilitazama faili, akalitazama shavu, akalitazama tena faili, na mwishowe macho yake yakabaki kwenye faili.

"Ninachoweza kuandika," alisema, "ni kwamba shavu limevimba bila sababu. Lakini kwenye orodha ya dawa, hakuna dawa ya bila sababu."

Sikudhani aliitazama ile saini. Ilikuwa yake, ya mahali pa tatu.

Alitoka hapo moja kwa moja hadi ofisini kwa Kidawa. Hawakuwa wameonana kwa miezi mitano. Kidawa alikuwa mtu wa semina sasa, na semina za nchi hiyo hufanyika mbali ili washiriki wasisumbuliwe na kazi. Alimkuta mezani. Alipomwona shoga yake na lile shavu, aliinuka, akavuta ncha ya kanga hadi mdomoni kama kawaida yake.

"Yarabi! Nani kakufanya hivi?"

"Gego. Na faili linasema limezibwa."

"Wamekukosea makarani hao. Wananikera mno. Pole, shoga yangu, pole." Alimkalisha, akampa maji. "Sikiliza. Ijumaa Waziri anakuja Uwanja wa Mapokezi. Wewe utapandishwa jukwaani, namba moja wa taifa. Mimi ndiye mshereheshaji. Nitamwambia mbele ya watu: Mheshimiwa, gego moja limesahaulika. Mbele ya watu hawezi kukataa. Utang'olewa siku hiyohiyo, kwa ganzi, na daktari wake mwenyewe."

"Kidawa, siwezi kula. Silali, leo siku ya tano."

"Siku tatu tu."

"Unaniapia?"

Kidawa aliivuta tena ncha ya kanga mdomoni.

"Kwa bati la bibi," alisema.

Sikudhani alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Njiani mtu alimuuliza hali, akajibu kwamba amekwishapona, bado tu kutibiwa.

Jumatano kinywa chake kilifunguka kwa upana wa vidole viwili. Alhamisi, kidole kimoja. Ijumaa asubuhi palibaki nafasi ya mrija wa soda, na kwa mrija huo alikunywa uji, akavaa nguo yake ya sikukuu, akaenda uwanjani.

Vijana wa itifaki walimfanyia marekebisho. Kanga ya shavuni ilifunguliwa kwa sababu haikuwa na rangi za taifa. Kisha wakapima wakaona kwamba akisimama kiubavu, upande wa kushoto ukielekea wananchi, uvimbe wote ungemwelekea balozi wa nchi jirani, ambaye hata hivyo alikuwa amelala. Wakachora alama ya chaki jukwaani mahali pa kila unyayo wake.

Waziri wa Tabasamu, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Kilumanga, alihutubia kwa saa moja na dakika arobaini.

"Ndugu wananchi," alisema, "meno ni nini? Meno ni mifupa iliyoamua kutoka nje ili kulitumikia taifa!"

Makofi.

"Kabla ya Mpango huu, nchi yetu ilikuwa na meno, lakini meno yasiyo na dira! Kila mtu alitafuna anavyotaka! Leo tunayo sera ya meno. Tunao mkakati wa meno. Tunayo kamati ya meno, kamati ndogo ya magego, na magari kumi na moja. Yaliyobaki ni mambo madogomadogo ya kinywani."

Makofi zaidi. Sikudhani alisimama kwenye unyayo wake wa chaki akimtazama Kidawa, aliyekuwa upande wa pili wa jukwaa na kipaza sauti. Kidawa alitazama karatasi zake.

"Nao wapo wanaosema hatujafanya kitu," aliendelea Waziri. "Watazameni hawa! Huyu hapa mama, muuza miwa, mtu wa kipato kidogo, tumethibitisha hafahamiki na mtu yeyote. Nitawasomea alichotendewa kwa kodi zenu." Akavaa miwani. "Magego kumi na mawili, yamezibwa. Fizi, zimesafishwa. Meno ya chini, yamenyooshwa. Na jino moja la mbele, juu, upande wa kushoto, lililokuwa limevunjika, limewekwa jipya, la kigeni, limekuja kwa ndege!"

Sikudhani alipeleka ulimi juu, mbele, upande wa kushoto. Jino lake lilikuwepo. Ndilo lilelile aliloota akiwa na miaka saba. Halikuwahi kuvunjika. Alijua kinywa kimoja tu, katika vinywa vyote alivyopata kuvitazama, kilichokosa jino mahali hapo.

"Nimeambiwa," Waziri alisema akishusha miwani, "kwamba lilipewa kiti chake kwenye ndege, likaulizwa kama litakunywa chai au kahawa!"

Uwanja ulicheka. Mshereheshaji naye alicheka. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kipaza sauti, na kanga ilikuwa imetulia mabegani. Jua lilikuwa usoni kwake. Jino la mbele, juu, upande wa kushoto, lilikuwepo, jeupe kidogo kuliko majirani zake.

"Mama," Waziri alimgeukia Sikudhani, "waambie wananchi kwa kinywa chako mwenyewe."

Kijana wa itifaki alimsogezea kipaza sauti. Sikudhani alivuta pumzi. Alikuwa na la kusema, na lilikuwa fupi: jina la mtu. Lakini tangu saa mbili asubuhi ile nafasi ya mrija ilikuwa imekwisha. Taya halikufunguka. Sauti iliyosikika kwenye vipaza sauti vyote vya uwanja ilikuwa moja tu, nayo ilitoka puani:

"Mmmh."

"Mmesikia!" Waziri alipaza sauti. "Furaha imemfunga kinywa!"

Makofi yalidumu dakika nne kwa saa ya jukwaani. Yalipoisha, Kidawa alisoma kilichofuata kwenye ratiba, ambacho kilikuwa ngoma, na baada ya ngoma, tangazo kwamba yeye Kidawa, kwa utumishi wake uliotukuka, amepandishwa kuwa Mratibu wa Tabasamu wa Mkoa. Habari za gego hazikuwa kwenye ratiba. Hakuziongeza.

Walikutana nyuma ya jukwaa, penye ngazi. Sikudhani alisimama njiani.

"Usinitazame hivyo," Kidawa alisema kwa sauti ya chini. "Ningesema pale, mambo yangeharibika, na wewe ungekosa na mimi ningekosa. Ilikuwa lazima jina liwe la maskini, na mimi nina mshahara. Nani mwingine ningemtumia? Nani mwingine angesaini bila kuniuliza sana?"

Sikudhani alinyoosha kidole, akaelekeza lile jino.

"Ndiyo, ndilo! Miaka ishirini na miwili, Sikudhani! Kwa soda za harusi yako! Wewe uliwahi kuniuliza hata siku moja kama naona haya? Una meno thelathini na mawili mazuri. Mimi nilikosa moja tu."

Gari la Wizara lilipiga honi. Kidawa alikusanya kanga yake akapita.

Jumamosi saa tatu asubuhi Sikudhani alipanga foleni chini ya ngazi za jengo la posta, kwa fundi viatu Ndolezi. Bwana Ndolezi ana koleo mbili, moja ya misumari na moja ya watu, na hazichanganyi. Foleni ilikuwa ya watu kumi na wanne. Tisa kati yao walikuwa na vitambulisho vya serikali shingoni, wamevigeuza upande wa nyuma. Wa mbele yake alikuwa amejifunga leso kuanzia kidevuni hadi utosini. Alipogeuka, alikuwa Daktari Lutengano.

Sikudhani alimtazama kwa mshangao wote uliowezekana bila kinywa.

"Faili langu ni namba mbili," alisema Daktari.

Zamu yake ilipofika alikaa juu ya kreti, akang'olewa bila kelele, kama mtu anayejua kwamba kelele hazisaidii. Akasogea pembeni na pamba mdomoni, akasubiri. Ikafuata zamu ya Sikudhani.

"Mama wa bangoni!" Bwana Ndolezi alisema akifuta koleo. "Niwie radhi, mimi siku zote nilijua wewe una meno ya serikali. Unalipa nini?"

Sikudhani alionyesha miwa aliyokuja nayo, mitatu.

"Hiyo inatosha. Usinitazame meno, ninayo yote. Mimi sijawahi kutibiwa."

Fundi alichoma shazia, sindano yake kubwa ya kushonea, kwenye moto wa jiko, akautoboa uvimbe. Usaha ulitoka, taya likalegea, kinywa kikafunguka kwa upana wa kidole kimoja, kisha viwili. Saa nne kasoro dakika nane gego lilitoka. Lilikuwa na mizizi miwili na tundu la kuingia punje ya mtama. Halikuwa limezibwa na mtu yeyote, mwezi wa tatu wala mwezi mwingine. Bwana Ndolezi alilifunga kwenye kipande cha karatasi kilichokuwa karibu, na karatasi yenyewe ilikuwa ratiba ya Ijumaa, upande wa picha ya Waziri.

"Mama," Daktari alimwita alipokuwa akiondoka. Alizungumza kwa shida, na kwa heshima. "Nakuomba kitu kimoja. Gego hilo kwenye faili lipo kinywani, zima. Wakikukuta nalo mkononi, ni mali ya Wizara iliyong'olewa bila idhini. Lifiche mahali ambapo hakuna mkaguzi atakayepanda kulitafuta."

Sikudhani alifikiri. Akaitikia kwa kichwa.

Saa kumi na moja jioni nyumba ya bibi yake Kidawa ilikuwa na wageni. Bibi alikwishafariki, nyumba ilikuwa ya Kidawa sasa, lakini bati lilikuwa lilelile, lenye kutu pembeni na kiraka kimoja karibu na mfereji. Ndani walikuwa wanasherehekea cheo. Pilau ilinukia hadi barabarani, na sauti moja ya kicheko ilizidi nyingine zote, wazi, bila kitambaa mbele yake.

Sikudhani aliingia uani kwa mlango wa nyuma. Alisimama mahali palipokuwa na mtungi wa maji. Mtungi haukuwepo, ila duara lake bado lilionekana kwenye saruji. Alifungua karatasi, akalitoa gego, akalirusha.

Liligonga bati mara moja. Kisha likabingirika kwenye mkunjo wa bati, polepole, kwa mlio ambao hakuna aliyekulia chini ya bati hilo angeuchanganya na wa jiwe, likafika kwenye mfereji, likanyamaza.

Kicheko ndani kilikatika.

"Nani anarusha mawe?" mgeni mmoja aliuliza.

Kidawa alitoka uani, sahani ya pilau mkononi. Alilitazama bati. Alimtazama Sikudhani, pamba ikiwa mdomoni kwake na damu kidogo pembeni mwa mdomo, mikono mitupu. Aliweka sahani chini, juu ya lile duara la kwenye saruji.

Kisha akavuta ncha ya kanga, akafunika mdomo.